Kilichonasa Miguuni mwa Kaa

Mlima, mlima?
— Tuuone.
Mto, mto?
— Tuusikie.
Nani ana haraka hapa?
— Hayupo.
Kaenda wapi?
— Katangulia, hadithi itamkuta njiani.

Basi kaeni. Endeleeni kumenya hizo kunde, mikono iende na kazi yake, masikio mniachie mimi. Namkunda, mwanangu, sogeza ungo, usinizibe.

Hapo kale, kale ambayo hata bibi yake bibi yangu aliisikia kwa kusimuliwa, palikuwa na mlima mrefu, mrefu, mrefu. Mawingu yakitaka kupita, yalizunguka. Mlima huo uliitwa Mgongo, kwa sababu ulilala kati ya nchi mbili kama mgongo wa ng'ombe. Upande wa machweo uliteremka taratibu, kama mjamzito anavyoshuka ngazi. Upande wa mawio ulikatika ghafla, kama mkate uliopitiwa na kisu. Na kule juu kabisa mlima ulikuwa umebonyea katikati, kama bakuli. Ndani ya bakuli mlikuwa na ziwa. Ndani ya ziwa mlikuwa na Kiboko.

Kiboko huyo aliyanywa yale maji, akayaoga, akayalalia. Kutoka ziwani ulitoka mto mmoja ukielekea machweo, na pale mto ulipoanzia ndipo Kiboko alipokuwa akiweka kichwa chake akijinyoosha. Ndiyo maana mpaka leo kile unachowekea kichwa kitandani unakiita mto. Msinibishie. Mimi sikuwepo na ninyi hamkuwepo.

Maji yaliyompita kidevuni yalishuka polepole upande wa machweo, na hayo nayo Kiboko aliyahesabu kuwa yake. Umande ulikuwa wake. Ukungu ulikuwa wake. Upande wa mawio halikushuka hata tone.

Sasa, huko chini ya ukuta wa mawio palikuwa na dimbwi. Dimbwini aliishi mama mmoja wa kaa, kaa wa mtoni, ingawa mto wenyewe hakuwa nao. Aliishi na wanawe. Mvua ikinyesha, dimbwi linajaa. Mvua ikikata, dimbwi linapungua. Jua likizidi, dimbwi linakuwa tope, na tope linakuwa ngozi, na ngozi inapasuka.

Asubuhi moja Kaa alimkuta kitindamimba wake amenasa kwenye ufa wa tope, hatikisiki. Mama mtu akamgeuza. Akamgeuza tena. Alikuwa mwepesi kama ganda la kunde. Kaa akakaa naye mpaka jua likapanda, kisha akamfukia kwa magando yake mwenyewe, akamwita binti yake mkubwa.

"Napanda," akasema.

"Unapanda wapi, mama?"

"Juu. Kwa mwenye maji."

"Mama, Kiboko hatoi."

"Najua hatoi. Naenda kutazama analalaje."

Akapanda. Kwaru-kwaru-kwaru, ubavu ubavu, jiwe kwa jiwe. Jua likamkuta njiani, likamwacha njiani, likamkuta tena. Kwaru-kwaru-kwaru. Alipofika juu aliona maji mengi kuliko mbingu. Alisimama akayatazama kwanza, kwa sababu alikuwa hajui kwamba maji yanaweza kuwa na ng'ambo.

"Nani?" Kiboko akauliza bila kufumbua jicho.

"Kaa."

"Sikai. Nimelala. Nani wewe?"

"Kaa."

"Unaniamrisha mimi, katika ziwa langu?"

"Hapana, bwana mkubwa. Ndilo jina langu. Kaa, binti Kaa, wa kule chini."

Kiboko akafumbua jicho moja. "Jina la usumbufu. Unataka nini?"

"Maji, bwana mkubwa. Kidogo tu. Wanangu wanakauka."

"Sina."

Kaa akayatazama maji, kisha akamtazama Kiboko.

"Nikikupa wewe leo," Kiboko akasema, "kesho atakuja chura, keshokutwa nyumbu na ukoo wake. Maji ni yangu. Hata yaliyo mbinguni ni yangu, yanachelewa tu kufika."

Kaa hakubishana. Mdogo akibishana na mkubwa anapoteza pumzi, na pumzi ndiyo mali yake. Akalitazama lile jicho lililofumbuliwa, akaona ni jekundu kama pilipili.

"Bwana mkubwa, macho yako yamechoka."

Kiboko akashusha pumzi, ziwa likapiga mawimbi. "Silali," akasema, na sauti yake ikawa ndogo. "Nikifumba macho tu, nasikia watu wanakunywa. Gubu, gubu, gubu. Nikifumbua, hakuna mtu. Nikifumba, gubu, gubu."

"Pole sana. Mimi najua nyimbo za kulaza watoto. Hata wenye homa wanalala."

"Na ujira? Maji sitoi."

"Sitaki maji. Nitakuwa natembea hapa ukingoni nikikuimbia. Kitakachonasa miguuni mwangu, ndicho ujira wangu. Uchafu tu, bwana mkubwa."

Kiboko akaitazama miguu ya Kaa. Ilikuwa myembamba kama nyasi. Akacheka, hohohoo, mpaka samaki wakahama. Pembeni alikuwa amesimama ndege Korongo kwa mguu mmoja, Kiboko akamwita awe shahidi.

"Korongo, umesikia?"

"Nimesikia."

"Chochote kitakachonasa miguuni mwa huyu ni chake. Yeye na kizazi chake na kizazi cha kizazi chake, sitaki habari hiyo iletwe tena mbele yangu."

"Chochote," Korongo akasema. "Yeye na kizazi chake." Akabadilisha mguu.

Ndipo Kaa akaimba:

*Lala, bwana, lala,*
*ziwa lako lipo,*
*mlima wako upo,*
*nani ataubeba?*
*Lala.*

Kiboko akaweka kichwa juu ya mto wake. Jicho likafumba. Khoroo, fuuu. Khoroo, fuuu. Na usingizi wa Kiboko yule haukuwa usingizi kama wetu wa kuamshwa na jogoo. Ulikuwa usingizi wa mawe.

Kaa akatembea juu ya ukingo wa mawio. Kwaru-kwaru-kwaru. Punje moja ya mchanga ikanasa mguuni. Akashuka nayo hadi chini, akaikung'uta. Tip. Akapanda tena. Kwaru-kwaru-kwaru. Punje. Akashuka. Tip. Wala hakukwaruza ovyo, leo hapa kesho pale. Alikwaruza mahali pamoja tu.

Mvua ilipokuja ilipiga ukuta wote kama kawaida yake, haina pa kwenda. Halafu ikaukuta ule mkwaruzo. Ikasema, kumbe kuna njia. Maji ya kulia yakaja, maji ya kushoto yakaja, kwa maana maji hayapendi kusafiri peke yake. Yakashuka pamoja, na kila moja likashika punje yake ya mchanga. Na maji ya upande wa machweo yalikuwa yakitembea, lakini haya ya upande wa mawio yalikuwa yakianguka. Maji yanayotembea yana miguu. Maji yanayoanguka yana meno.

Binti yake akapanda kumfuata, akamkuta mama amechoka, gando moja limekatika ncha.

"Mama, mlima huu hautaisha katika maisha yako."

"Hautaisha."

"Wala katika maisha yangu."

"Wala yako."

"Sasa tunafanya nini?"

"Una miguu mingapi?"

Binti akajitazama. "Mingi."

"Mlima una mingapi?"

Binti akautazama mlima. Akaanza kukwaruza karibu na mama yake, na mama akamfundisha wimbo.

Ikafika siku jiwe la chini ya ule mkwaruzo likatoka jasho. Halikuwa tone, msije mkasema tone. Lilikuwa jasho tu, unyevu wa kuteleza, kama shingo ya mtu aliyelima. Watoto wa kaa wakaja wakabandika midomo yao kwenye jiwe wakanyonya, wamejipanga kimya kama watoto wa mbwa. Yule mama akawatazama kwa muda mrefu. Kiangazi kile hakukauka hata mmoja.

Kisha Kaa akafa. Kaa akakaa.

Mmeelewa? Mama alikufa, binti akabaki, na jina ni lile lile. Binti akafa, mjukuu akabaki. Kaa akafa, Kaa akakaa. Na Kiboko je? Kiboko wa kale alikuwa mnene mno na usingizi wake mzito mno, hata kifo kilipopita kule juu kilimwona kikadhani ni jiwe, kikaenda zake.

Khoroo, fuuu.

Ukungu ukaja ukaondoka. Miti ikaota, ikazeeka, ikalala chini, ikaota tena. Ule mkwaruzo ukawa ufa. Ufa ukawa mfereji. Palikuwa na mfereji mwingine mdogo jirani, mfereji mkubwa ukaumeza, ukawa na midomo miwili. Ukameza na mwingine. Sasa mvua ya ukuta mzima ikawa inakusanyika mahali pamoja kama watu waliosikia ngoma, na kila ikikusanyika inang'ata, na kila iking'ata mfereji unarudi nyuma, juu, kidogo, kuelekea kule kwenye bakuli.

Hapo Kiboko akaamka.

"Kaa."

"Labeka, bwana mkubwa." Huyu alikuwa Kaa mwingine kabisa, lakini Kiboko hakuwahi kumtazama usoni hata yule wa kwanza.

"Nimelala muda gani?"

"Kidogo tu, bwana. Mate hayajakauka."

"Mbona mlima umepungua? Ule ukingo ulikuwa unanifikia machoni. Sasa unanifikia kidevuni."

"Mlima haujapungua, bwana mkubwa. Ni wewe umekua."

Kiboko akajitazama ndani ya maji. Akageuka upande huu, akageuka upande ule. "Kweli," akasema. "Nilikuwa naona." Akala majani yaliyokuwa karibu, akaweka kichwa juu ya mto wake.

*Lala, bwana, lala,*
*ziwa lako lipo,*
*mlima wako upo,*
*nani ataubeba?*
*Lala.*

Khoroo, fuuu.

Kwaru-kwaru-kwaru. Tip. Kwaru-kwaru-kwaru. Tip. Kaa akafa, Kaa akakaa. Chini ya ukuta jasho likawa tone, tone likawa uzi, uzi ukawa kijito chembamba ambacho chura angekiruka bila kukunja goti. Lakini kilikuwepo. Kiangazi kilikikuta, kikakiacha. Chura mwenyewe akahamia. Digidigi wakaja kunywa asubuhi. Mikuyu ikaota pale ambapo zamani palikuwa na tope lililopasuka, na chini ya mizizi ya mkuyu mmoja alikuwa amelala yule mtoto mwepesi kama ganda, na hakuna tena aliyemkumbuka, isipokuwa mkuyu.

Kiboko akaamka.

"Kaa."

"Labeka, bwana mkubwa."

"Nimelala muda gani?"

"Kidogo tu, bwana. Mate hayajakauka."

"Nasikia maji ng'ambo ya ukingo. Chururu, chururu."

"Ni mkoromo wako, bwana. Ulitoka ukaenda mbali, sasa ndiyo unarudi."

"Mkoromo wangu unasema chururu?"

"Wa mtu mkubwa ndivyo unavyosema."

Kiboko akasikiliza. Chururu, chururu. "Mzuri," akasema. "Una heshima." Akala, akajinyoosha, akaweka kichwa juu ya mto wake. Khoroo, fuuu.

Muda ukapita, muda ambao hauna jina. Mlima ukashuka kama mtu anavyoshuka kwenye ndoto, huoni hatua, unaona tu uko chini. Vilele vikawa mabega. Mabega yakawa viuno. Mawe makubwa yaliyojiona wenyeji yakaondoka na mvua moja, porororo, na kule chini yakagongana, yakasagana, yakawa kokoto, kokoto zikawa changarawe, changarawe ikawa mchanga, mchanga ukawa unga laini wa kufinyangia vyungu. Yote yakasafiri kuelekea mawio, na hakuna aliyeyaona yakipita.

Sasa akaja Kaa wa mwisho. Alizaliwa kule juu ukingoni, na sauti ya kwanza kuisikia katika maisha yake ilikuwa khoroo, fuuu. Alikua akiimba wimbo wa bibi zake. Ukingo wenyewe sasa ulikuwa mwembamba kama ganda la yai. Upande huu ziwa, upande ule utupu.

Mawingu ya masika yalikuwa yanajikusanya Kiboko alipoamka. Safari hii hakuuliza amelala muda gani.

"Kaa, nimeota."

"Umeota nini, bwana mkubwa?"

"Nimeota mlima unatembea. Umejipanga mstari kama siafu, punje kwa punje, unashuka."

Magando ya Kaa yakatulia. "Ulikuwa unaogopa?"

"Nani, mimi?"

"Mlima."

Kiboko akafikiri. "Hapana. Ulikuwa unaimba. Na mbele yake palikuwa na maji makubwa yanaungojea." Akayumba kidogo, bado yuko nusu ndotoni. "Mimi nilitaka kuuita, sikulijua jina lake. Nimeukalia siku zote, sikulijua jina lake."

"Unaitwa Mgongo," Kaa akamwambia.

Wakakaa hivyo, mkubwa na mdogo, wakitazama mvua ikija kutoka mbali kama pazia. Na Kaa alimwonea huruma, nawaambia kweli. Mtu ukimlaza tangu utotoni mwako unamzoea, hata akiwa nani. Akaona amwambie neno ambalo bibi zake hawakumwambia tena tangu yule wa kwanza.

"Bwana mkubwa, kule chini kuna watoto wengi. Kijito chao ni chembamba. Ungewapa maji kwa hiari yako, kidogo tu, kwa njia yake, ziwa lako lingebaki."

"Hata tone," Kiboko akasema.

"Nakuomba."

"Hata tone. Yangu yote. Niimbie."

"Basi lala," Kaa akasema. Akamwimbia, polepole kuliko siku zote. Kiboko akaweka kichwa juu ya mto wake. Khoroo, fuuu.

Mvua ikashuka. Ikanyesha mpaka vyura wakachoka kushangilia. Ikanyesha mpaka ndege wakasahau rangi ya jua. Ziwa likapanda, likapanda, likasimama sawasawa na mdomo wa ukingo, likitetemeka kama maziwa kabla hayajafurika chunguni. Kaa alikuwa amesimama pale pale walipokuwa wakisimama wote wa kwao. Akahisi kitu mguuni. Punje moja. Imenasa.

Akainua mguu.

Chu.

Churu.

Chururu.

Chururururururu.

Halafu ukingo ukasema neno moja tu. Ghuum.

Ziwa likaondoka. Lilipita mbele ya Kiboko, likampita ubavuni, likapita chini ya shavu lake. Na ule mto uliokuwa ukielekea machweo tangu enzi na enzi ukahisi kitu kinauvuta mkia. Ukasimama. Ukafikiri. Ukageuka, ukarudi nyuma juu ya kitanda chake mwenyewe, ukajiunga na wenzake kuelekea mawio. Ulitoka taratibu chini ya kichwa cha Kiboko, kama mama anavyotoa mkono wake chini ya kichwa cha mtoto aliyelala. Kichwa kikashuka, pa, kwenye tope.

Kiboko akafumbua macho. Aliona mbingu nyingi kuliko alivyozoea. Aliona samaki wanarukaruka mahali pasipo na maji. Aliona tumbo lake mwenyewe, kavu.

"Kaa."

"Labeka."

"Nimelala muda gani?"

"Kidogo tu, bwana mkubwa. Mlima mmoja."

"Ziwa langu liko wapi?"

"Limeteremka."

"Mto wangu uko wapi?"

"Umelifuata ziwa."

"Na mlima wangu?"

"Ulininasa miguuni."

Kiboko akasimama, tope likimchuruzika. Akamwita shahidi. Korongo akaja, naye si yule wa zamani, ni kitukuu cha kilembwe chake, akasimama katikati ya lile pengo jipya kwa mguu mmoja, maji yakipita chini yake.

"Korongo, toa ushahidi. Nilimpa huyu nini?"

"Bibi alimwambia mama, mama akaniambia mimi: chochote. Yeye na kizazi chake na kizazi cha kizazi chake."

"Nilisema uchafu."

"Uchafu alisema yeye. Wewe ulisema chochote."

"Lakini mlima, Korongo. Mlima mzima."

"Hukusema isipokuwa mlima."

Kiboko akaitazama miguu ya Kaa. Ilikuwa bado myembamba kama nyasi. Alitaka kupiga kelele, koo likawa limekauka. Alitaka kulia, machozi nayo hayakuwepo. Badala yake ngozi yake ikatoa jasho jekundu, na jasho lile hajaweza kulizuia mpaka leo. Na lile pengo aliposimama ndege akatoa ushahidi watu wakaliita kwa jina la shahidi. Ndiyo maana bonde lililochimbwa na maji tunaliita korongo, na ndege naye tunamwita korongo, na hakuna anayechanganya kati yao, isipokuwa mgeni.

Jua likatoka. Tope likaanza kuwa ngozi. Kiboko akaona kwamba ngozi hiyo ikianza kupasuka, atapasuka nayo.

"Kaa," akasema, kwa sauti ile ndogo. "Nitalala wapi?"

Kaa angeweza kusema sina. Neno lilikuwa pale pale mdomoni, nalo lilikuwa na haki ya kutoka. Akalimeza.

"Shuka, baba. Chini kuna kina cha kukutosha. Maji ni ya wote, na wewe utayapata mchana kutwa. Lakini usiku utatoka ukale nyasi mbali, wadogo nao wajinyooshe."

Kiboko akashuka kwa lile korongo, tumbo likisugua kulia, tumbo likisugua kushoto, srrr, srrr, ndiyo maana huko chini bonde ni pana. Alipofika, watoto wa kaa na watoto wa chura na digidigi walisogea wakamwachia nafasi. Akaingia, tubwi. Akasikia gubu, gubu, gubu, watu wanakunywa kila upande. Akafumba macho. Akalala bila kuimbiwa.

Upande wa machweo lilibaki bonde pana lisilo na mto, lina kijito kidogo kinachotangatanga ndani yake kama mtoto aliyevaa kanzu ya baba yake. Ng'ombe wanachungwa humo. Wachungaji wanaulizana ni nani alilichimba bonde kubwa hivi halafu akaondoka.

Na Mgongo wenyewe, mlima mrefu, mrefu, mrefu, ulienda ukajitandaza huko tambarare, mkoa mzima, na watu wanaulima mpunga. Kwa hiyo ukila wali ukasikia kruu kati ya meno, usimgombeze mpishi. Ni mlima. Bado uko njiani.

Haya, funzo. Hadithi isiyo na funzo ni umbea. Funzo la hadithi hii ni kwamba mdogo hana la kumfanya mkubwa, mlima ni mlima, na mwenye mali yake alale usingizi wake asihangaike, hakuna kitakachotokea.

Unasemaje, Namkunda? Mbona Kaa alishinda? Nani kakwambia alishinda? Hakumpiga mtu, hakumtukana mtu, hakuchukua cha mtu. Alitembea tu, vitu vikamnasa.

Hadithi yangu nimeiachia mteremko.
— Itafika.
Aliye chini?
— Aipokee.
Aliye juu?
— Atashuka.